Masizi kwenye Shavu la Kulia

Tarehe 2 Machi

Mtoto amelala, maharage yako jikoni, na mimi nimekaa kizingitini naandika. Shule niliishia darasa la saba, basi mwandiko wangu mtu asiucheke. Naandika kwa sababu nina furaha na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Wifi zangu wote wameshaolewa, na mama mkwe ukimwambia una furaha anakuuliza umemaliza kufua?

Baba mkwe ametukatia shamba kule mlimani, letu wenyewe, mimi na Baba Kibonge. Mahindi yakikubali, tunaezeka. Kuta za nyumba yetu zimeshasimama nyuma ya banda la ufundi, vyumba viwili na kajiko, hazina paa. Nikipita na ndoo huwa naingia kidogo, nasimama katika chumba changu, naangalia mawingu. Kibonge naye anaangalia. Miezi saba tu, anadhani nyumba zote ziko hivyo.

Tarehe 5 Machi

Mvua ya kwanza. Tumevisha kuta magunia na nyasi. Baba Kibonge alikuwa anaimba juu ya ngazi.

Tarehe 9 Machi

Baba mkwe ni fundi wa magobore, zile bunduki ndefu unazomimina baruti mdomoni na kushindilia kwa ufito. Watu wanatoka mbali kumletea. Kazi yangu bandani ni kuchemsha maji na kuosha mitutu, kwa sababu anasema nina mikono isiyo na haraka. Aliniambia hivyo wiki ya kwanza ya ndoa na mpaka leo nikikumbuka natabasamu.

Leo alikuja mfuga kuku wa ng'ambo ya barabara na gobore lake. Baba mkwe akalinusa kwa nyuma, akacheka.

"Bunduki yako inajamba, bwana."

"Inajamba vipi, Fundi?"

"Inatakiwa ipige kwa mbele. Yako inatoa na nyuma pia."

Mfuga kuku alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo baba mkwe akamweleza, na mimi huku natega sikio. Mtutu umezibwa kwa nyuma na kizibo cha chuma, kina meno kama ya skrubu. Baruti ikiwaka, moto na moshi vinatafuta pa kutokea. Meno yakiliwa na kutu, vinapenya pale. "Na pale ndipo unapoweka shavu," akasema, "na juu ya shavu kuna jicho. Umenielewa?"

Akampa masharti. Osha kwa maji ya moto siku ile ile uliyopiga, kausha, paka mafuta. Kizibo usikifungue kila siku kama mfuniko wa sufuria, kinachoka. Subiri msimu uishe, kiloweke kwanza kwenye mafuta, ndipo ukifungue polepole, usugue meno, upake grisi, ukirudishe mpaka alama yake. Na ukiihifadhi, isimamishe mdomo chini. Ukiisimamisha mdomo juu, unyevu wote unateremka na kukaa kwenye kizibo kama makapi chini ya kikombe cha chai.

Nilijivunia kuwa mkwe wa mtu anayejua kitu namna ile.

Tarehe 14 Machi

Tumepanda. Kiuno hakina mwenyewe.

Tarehe 21 Machi

Nyani wameteremka asubuhi kweupe na kufukua mbegu. Wanafuata mstari kama watu waliotumwa. Baba mkwe akatoka bandani na bunduki yake mwenyewe, ile anayoiita Bibi Harusi, akampa mume wangu mbele ya wateja.

"Chukua. Ukiipiga kule mlimani, huku chini wajue Fundi bado yupo."

Bibi Harusi ni bunduki kweli. Ina pete tatu za shaba shingoni na kitako kimechongwa maua. Miaka yote inasimama mlangoni mwa banda, anayeingia anaiona kwanza. Mume wangu aliibeba kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

Tarehe 22 Machi

Mlio tumeusikia mpaka hapa. Kibonge alishtuka, akaangalia huku na huku, halafu akacheka.

Jioni niliiosha. Maji yametoka meusi kama wino. Nikakausha, nikapaka mafuta, nikaisimamisha mdomo chini kama nilivyosikia. Baba mkwe akaja akaigeuza.

"Bibi Harusi haiinamishi kichwa, mwanangu. Hiki ndicho kibao changu cha biashara. Mtu akiingia aone shaba kwanza."

"Lakini Baba, yule mfuga kuku ulimwambia—"

"Yule nilimwambia habari za yake."

Nikacheka, nikachukua beseni langu. Yeye ndiye fundi.

Tarehe 30 Machi

Mahindi yameota. Nimeyasalimia moja moja mpaka Baba Kibonge akaniita kichaa.

Tarehe 8 Aprili

Mume wangu amerudi na masizi kwenye shavu la kulia. Alama ndogo tu, kama kidole.

"Una kitu hapo."

"Mke mwenzio kanibusu," akasema. Anamwita Bibi Harusi mke mwenzangu siku hizi. Nikamfuta kwa kanga.

Tarehe 9 Aprili

Masizi tena. Shavu lile lile.

Tarehe 13 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nepi hazikauki. Gunia moja limeng'oka ukutani na upepo, tofali za juu zimelowa.

Masizi.

Tarehe 19 Aprili

Nilikuwa nafua shati lake la kaki nikaona tundu kwenye ukosi, upande wa kulia, dogo, lenye kingo nyeusi. Nikatia kidole. Nikalinusa. Harufu ya yai viza.

Niliacha ndoo, nikaenda kuiangalia Bibi Harusi. Pale nyuma, mtutu unapokutana na mbao, ule ubao wenye maua umekuwa mweusi, umeungua. Maji yote ninayomimina, mafuta yote ninayopaka, miaka yote ile imesimama mdomo juu. Vimekuwa vinateremkia wapi?

Nimemwambia Baba Kibonge jioni. Alikuwa anamrusha mtoto juu na kumdaka.

"Inakohoa tu. Bunduki ya zamani ile."

"Inakohoa kwenye jicho lako."

"Mama Kibonge, unataka nimwambie baba bunduki yake mbovu? Mimi? Aliyenipa shamba juzi?"

Tarehe 20 Aprili

Nimesema mimi. Najuta namna nilivyosema, si nilichosema.

Niliingia bandani na maji ya moto, baba mkwe amebana chuma kwenye jiliwa, anakisugua kwa tupa. Sikuona kwamba mfuga kuku amekaa nyuma ya mlango anasubiri yake. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, samahani. Bibi Harusi inavuja nyuma. Shati la mwanao lina tundu."

Tupa ikasimama. Na nyuma ya mlango nikasikia kicheko kinapasuka.

"Ha! Kumbe na yako inajamba, Fundi!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunga vile. Alingoja mfuga kuku amalize kucheka. Alimaliza polepole, anafuta machozi, anarudia, "inajamba, loo, ya Fundi mwenyewe!" Halafu baba mkwe akaniambia kwa sauti ndogo, "Umeolewa hapa kuosha bunduki. Hujaolewa kuzipima." Akarudi kwenye tupa yake.

Mama mkwe alikuwa anapepeta unga nje, alisikia yote.

"Ulishindwa kungoja mgeni aondoke?"

"Sikumwona, Mama."

"Basi sasa amekuona yeye. Mpaka jioni barabara nzima itakuwa inacheka."

Tarehe 21 Aprili

Kweli wanacheka. Muuza mafuta ya taa kaniuliza kama Bibi Harusi imepona tumbo.

Tarehe 22 Aprili

Baba mkwe haongei na mimi. Ananyoosha kikombe tu nimwongezee chai.

Tarehe 2 Mei

Masizi yamefika karibu na sikio.

Tarehe 6 Mei

Baba mkwe alikwenda mjini kununua vyuma. Mume wangu akaniita bandani, "njoo shika hapa," nami nikadhani hatimaye amenisikia. Alikuwa amefunga mtutu kwenye jiliwa na ana koleo la mabomba.

"Si kinalowekwa kwanza?"

"Atarudi jioni, niloweke lini?"

Kizibo kililia kilipogeuka. Kililia kama kitu chenye roho. Meno yake yalikuwa rangi ya chai, mengine hayapo. Nikategemea atasema tumngoje baba. Badala yake akakata ukanda mwembamba wa bati kutoka kopo la maziwa ya mtoto, akauzungushia meno, akakaza kizibo juu yake kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hiyo haitoki hata ikiombwa," akasema. Alikuwa amefurahi, ameloa jasho, anafanana na mwanawe. Nikafurahi naye. Nisiseme uongo, nilifurahi.

Tarehe 8 Mei

Shavu safi!

Tarehe 9 Mei

Safi. Nimemwimbia Kibonge wimbo wa kujitungia kuhusu shavu la baba yake.

Tarehe 15 Mei

Mahindi yananipita kichwa. Nimesimama katikati yake na mtoto mgongoni, hatuonekani. Nimemwambia Kibonge, haya yote ni mabati, mwanangu. Mabati ya kijani.

Tarehe 19 Mei

Baba mkwe ameona alama za meno ya koleo kwenye kizibo.

Hakupiga kelele. Aliibeba Bibi Harusi mpaka uani ambako mume wangu alikuwa ananoa jembe, akaiweka miguuni pake.

"Nani amemng'ata huyu?"

Mume wangu akaendelea kunoa.

"Nimekuuliza, wewe bwana fundi. Nani?"

"Mimi, Baba. Ilikuwa inavuja."

"Ilikuwa inavuja, ukaja kwangu ukasema, Baba inavuja?"

"Ulishaambiwa."

"Niliambiwa na mwanamke mbele ya mfuga kuku!" Hapo sauti ikapanda. "Na wewe ukangoja nitoke, ukaingia kwangu kama mwizi. Kilikuwa kinahitaji kukatwa upya, sasa umekigeuza kikavu, umemaliza na meno yaliyobaki. Umeweka nini humo?"

"Bati."

Baba mkwe alicheka, kile kicheko kisichofika machoni. "Bati. Haya. Aliyeifungua ndiye aifunge. Mimi mkono wangu hautagusa, mpaka uje unipigie magoti mbele ya yule yule mfuga kuku, useme Fundi ni nani katika nyumba hii."

"Nipige magoti kwa lipi? Bunduki yako ilivuja, ikavuja!"

Nikambeba mtoto nikamwingiza ndani. Alikuwa anawaangalia mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua.

Tarehe 20 Mei

Nimefikiri usiku kucha. Baba mkwe anajua nini kiko mle. Hakuna mtu anayejua kuliko yeye. Na asubuhi mwanawe alipoibeba kwenda mlimani, aliendelea kunywa chai.

Tarehe 24 Mei

Kona ya kajiko imeanguka kwa mvua. Mume wangu ameiangalia, akasema mwezi wa saba tutaijenga upya. Mwezi wa saba utabeba mengi.

Tarehe 28 Mei

Mama mkwe tukiwa tunachambua mboga, ghafla bila mimi kuuliza:

"Masizi yale niliyaona kabla yako. Shati la kwanza kabisa nililifua mimi, ulikuwa na homa."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Katika nyumba hii mwanamke akiona, anafua." Akaendelea na mboga. Baadaye akasema, "Na wewe utajifunza."

Namwomba Mungu nisijifunze.

Tarehe 3 Juni

Mahindi yamebeba. Yana ndevu. Nyani nao wameyaona, leo walikuja kundi zima, wengine wana watoto waliong'ang'ania matumbo yao, kama mimi na Kibonge.

Tarehe 4 Juni

Risasi asubuhi, mchana, jioni.

Tarehe 5 Juni

Masizi yamerudi. Nimeyafuta, nikaloweka shati.

Tarehe 7 Juni

Nitaandika nitakavyoweza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nampelekea uji shambani. Nimefika kwenye mgomba wa mpakani nikasikia mlio, lakini haukuwa ule wa siku zote. Ulikuwa na mlio mwingine ndani yake, mfupi, kama mtu kufyonya. Halafu nikamsikia akiita, haniiti mimi, anaita mama yake.

Alikuwa amepiga magoti kati ya mistari, mkono umefunika jicho. Bibi Harusi imelala kwenye tope, moshi unatoka nyuma yake. Nilimtoa mkono kwa nguvu. Nyusi hakuna. Kope hakuna. Ngozi kuanzia jicho mpaka sikio imekuwa nyekundu na madoa meusi, na kwenye mfupa wa shavu, chini kidogo tu ya jicho, kipande cha bati kimechomeka kama mwiba. Nilikitoa kwa kucha. Kilikuwa bado cha moto.

"Unaniona?"

"Naona maji tu. Naona maji."

Nilimshika mkono tukateremka. Nyuma yetu nikawasikia nyani wakivunja mahindi. Wanavunja bila wasiwasi, kama wenye shamba.

Mganga wa zahanati alimwosha jicho muda mrefu. Alipomfungulia na kuonyesha vidole, mume wangu akavihesabu sawasawa. Mganga akaniambia, "Jicho lipo. Lipo kwa bahati, si kwa akili zenu. Kile kizibo chenyewe kikichomoka, msimlete kwangu."

Nyumbani baba mkwe alisimama mlangoni mwa banda kutuangalia tukipita. Nilidhani atakuja. Alimwangalia mwanawe usoni, kwa makini, kama anavyoangalia kazi iliyoletwa. Akarudi ndani. Tukasikia mvukuto ukipuliza moto.

Tarehe 9 Juni

Mume wangu anaona vizuri leo. Jambo la kwanza aliloona ni shamba, anasema mstari wa chini umekwisha. Amekata ukanda mwingine wa bati.

"Hurudi mlimani na ile bunduki."

"Nitageuza uso."

"Utageuza na fuvu?"

"Zimebaki wiki chache, mke wangu. Baada ya hapo baba ataichukua na mashaba yake. Unataka tulale chini ya mvua?"

"Mtake radhi baba yako."

Akaniangalia kwa lile jicho lisilo na kope, linatisha, kama la samaki. "Nikipiga magoti leo mbele ya yule mcheka watu, sitainuka tena humu ndani. Hujui. Wewe umekuja juzi."

Tarehe 10 Juni

Nimekwenda mimi kupiga magoti. Safari hii niliangalia nyuma ya mlango kwanza.

"Baba, ni mimi niliyekosa. Nilisema mbele ya mtu. Nihukumu mimi."

Alikuwa anafuta kitu kwa kitambaa chenye mafuta. Akakifunua, akanionyesha. Kizibo kipya. Chuma kinang'aa, meno yake makali yamepangana vizuri mpaka niliyaonea haya macho yangu kwa kuyapenda. Kimekatwa kwa kipimo cha Bibi Harusi.

"Ulikitengeneza lini, Baba?"

"Siku ile aliponiambia ameweka bati."

Wiki tatu. Kimekaa tayari wiki tatu.

"Nipe nimpelekee. Nakuomba. Una mjukuu, Baba."

"Kinasubiri mdomo wa mumeo tu. Neno moja, mbele ya aliyenicheka. Mimi nimeishi kwa jina langu miaka thelathini." Akakitia mfuko wa shati, akapigapiga juu yake. "Mwambie."

Nilimwambia. Nilimwambia kiko tayari, nimekiona, neno moja tu. Mume wangu aliinamisha kichwa, nikaanza kutumaini. Halafu akasema, "Kumbe amekaa nacho. Ananiona naungua, na amekaa nacho mfukoni." Akanyanyuka. "Sasa ndiyo siombi hata nikifa."

Kabla ya leo nilidhani mmoja wao ni mbaya na mmoja mwema.

Tarehe 11 Juni

Nimefanya.

Mchana, mume wangu amekwenda kukata miti ya kurekebisha kibanda cha ulinzi, baba mkwe amejilaza. Nilichukua kibuyu cha baruti na kile kikopo cha akiba. Muuza baruti hupita kwa msimu mara moja, hatarudi mpaka mahindi ya watu yawe ghalani, na kwa mfuga kuku mume wangu haendi kuazima, hilo nalijua na ndiyo maana nilichagua baruti. Bunduki ningeificha wangeitafuta.

Nilimimina yote kwenye beseni la kuoshea mitutu, nikaweka maji, nikakoroga kwa mti. Ilikuwa kama uji wa ulezi. Kibonge alikuwa amekaa pembeni anataka naye akoroge, nikamzuia mkono. Nikamwaga chini ya msingi wa kuta zetu, kukawa na alama nyeusi, mvua ikaja ikaifuta.

Nilikuwa sijalia miezi mingi. Sikulia.

Tarehe 12 Juni

Mume wangu alitikisa kibuyu. Akatikisa kikopo. Akaja jikoni.

"Baruti iko wapi?"

"Nimeitia maji."

Alidhani sijaelewa swali. Akauliza tena, taratibu, kama kwa mtoto. Nikajibu tena. Alikaa kwenye kigoda changu, akaangalia mikono yake. Nilitaka anipige, ili iishe. Hakunipiga. Alisema, "Yule baba yangu angalau ni adui ninayemjua," akachukua debe na fimbo, akapanda mlimani kupiga kelele.

Tarehe 14 Juni

Nyani hawaogopi debe. Siku ya kwanza walikimbia, siku ya pili walikaa kwenye mawe wakamsikiliza.

Tarehe 15 Juni

Nimekwenda na mimi, Kibonge mgongoni, sufuria na mwiko. Nimepiga upande wa juu, yeye upande wa chini. Tukipiga huku wanaingia kule. Dume moja lilivunja hindi hatua chache mbele yangu, likamenya, likala huku linaniangalia. Nikalirushia mwiko. Lilikwepa bila kuacha kutafuna.

Mume wangu aliona. Hakucheka, na ni kitu ambacho zamani tungecheka mwaka mzima.

Tarehe 16 Juni

Mvua na nyani.

Tarehe 17 Juni

Hivyo hivyo.

Tarehe 26 Juni

Tumevuna kilichobaki. Gunia halikujaa. Tumebeba mara moja tu na njia nzima hakuna aliyehema kwa uzito.

Tarehe 1 Julai

Sasa wote wana mtu wa kumlaumu na amani imerudi. Baba mkwe na mwanawe wanasalimiana. Jana walikula sahani moja. Mfuga kuku naye akaja kutoa pole, akasema kwake mwanamke akigusa baruti analala kwa mama yake. Baba mkwe akasema, "Vijana wa siku hizi wana huruma," na mume wangu akatabasamu kidogo. Hakuna aliyepiga magoti. Haikuhitajika tena. Nilikuwa naweka maji ya kunawa, nikayaweka.

Tarehe 5 Julai

Ukuta wa chumba changu umelala wote na mvua ya mwisho. Tofali zimerudi kuwa udongo. Kibonge amejifunza kusimama kwa kushika kile kipande kilichobaki.

Tarehe 8 Julai

Leo baba mkwe aliifungua Bibi Harusi. Nilikuwa nachochea maji bandani, hakuna mwingine. Aliiweka kwenye jiliwa, akanyoosha mkono kuchukua spana, halafu mkono ukaishia njiani. Alikishika kizibo kwa vidole viwili. Kikazunguka. Hakuna koleo, hakuna spana, vidole viwili vya mzee, kama anafungua chupa ya mafuta ya mtoto. Hakikumaliza hata mzunguko mmoja, kikamwangukia kiganjani, na meno yakabaki kama unga mwekundu kwenye ngozi yake.

Risasi moja. Ingepigwa risasi moja tu zaidi, kile chuma kingepita katika uso wa mume wangu.

Baba mkwe alikaa akiangalia kiganja. Uso wake ukazeeka mbele yangu, na kwa muda ule nilimhurumia, Mungu ananiona. Nikasema polepole, "Baba. Mwambie. Mwambie yeye tu, wengine si kitu."

Aliinuka, akakitupa kile kizibo kwenye moto wa mvukuto, akakung'uta mkono.

"Maji yako yanachemka," akasema.

Akatoa kile kipya mfukoni, akakipaka grisi, akakifunga taratibu mpaka alama yake. Kisha akaisimamisha Bibi Harusi mlangoni. Mdomo chini.

Tarehe 9 Julai

Nimemwambia mume wangu mimi mwenyewe, wakati wa kula, mbele ya wote. Kwamba kilitoka kwa vidole viwili. Kwamba hakukuwa na hata jino.

Mama mkwe aliangalia chini. Mume wangu akamgeukia baba yake, na niliona, naapa niliona, kwamba alikuwa anataka iwe kweli. Tonge lilikuwa mkononi halijafika mdomoni.

"Baba, ni kweli?"

Baba mkwe alitafuna kwanza, akameza.

"Kilikuwa na uchakavu wa kawaida. Kingemaliza msimu."

Mume wangu akarudi kuniangalia mimi. Akarudisha tonge sahanini. Lile jicho la kulia limepona kabisa. Kope zimeota upya, nyeusi, zimejikunja, nzuri kuliko za kwanza. Macho yote mawili, mazima, yananiona mpaka ndani, na hakuna hata moja linalonipenda.